Uwanja wa Mkunazini na Mnada Wetu



Wapendwa waamini, mtu anayefika katika mji wa kale wa Hispania huelekezwa kwanza kwenye uwanja wake mkuu, maana hapo ndipo penye moyo wa mji. Mjini Madrid uwanja huo huitwa Plaza Mayor, nao ulikamilika mwaka 1619. Mwaka 1620 watu walijaa humo kumshangilia Isidori Mkulima, mtu wa jembe kama sisi, ambaye Kanisa lilikuwa limemtangaza Mwenyeheri. Mwaka 1680 watu walijaa tena katika uwanja uleule, safari hii kusikiliza hukumu za mahakama ya Kanisa dhidi ya walioshtakiwa kwa makosa ya imani; baadhi yao walichomwa moto nje ya mji. Mahali pamoja palimheshimu mtakatifu, tena pakamdhalilisha binadamu.

Uwanja wa namna hiyo tunao hata katika nchi yetu. Uko Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Unguja. Kwaya na vyama vyetu vya kitume hupenda kufanya hija Bagamoyo, na wenye nauli ya ziada huvuka bahari hadi Unguja. Maoni yangu ni kwamba mwana Kimali anayevuka bahari asiupite uwanja huo kwa haraka ili awahi ufukweni. Akae, atazame, asali.

Mkunazini palikuwa soko la watumwa. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash, kwa kushinikizwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kulifunga. Siku ya Noeli mwaka huohuo Waanglikana wakaweka hapo jiwe la msingi la kanisa lao, na Noeli ya 1877 wakafanya humo ibada ya kwanza. Mapokeo yanasema kwamba Askofu Edward Steere aliiweka altare pale iliposimama nguzo ya kuwachapia watumwa. Nje, ndani ya shimo, zimesimama sanamu tano zilizotengenezwa na msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, katika miaka ya 1990. Shingo zao zimefungwa kwa mnyororo wa kweli wa zamani zile.

Nadhani sisi wa Usukuma tunaweza kukielewa kilichotendeka pale kuliko mgeni wa Ulaya. Sisi tunaujua mnada. Tunajua jinsi mnunuzi anavyomfunua ng'ombe mdomo aangalie meno, anavyompapasa mgongo, anavyomtembeza mbele na nyuma aone kama anachechemea. Tunamjua dalali. Basi mwana wetu akisimama pale Mkunazini, aukumbuke mnada wetu, kisha mahali pa ng'ombe amweke msichana wa miaka kumi na miwili. Atakuwa ameielewa historia hiyo bila kuhitaji maneno mengi ya mwongoza wageni.

Tena si historia ya watu wengine. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi wa misafara iliyoteremka pwani na pembe za ndovu, na njia hizohizo zilipitisha watumwa. Kwa njia hizo Injili nayo ilipanda bara. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, waliondoka Bagamoyo mwezi Juni 1878, wakafika ziwani mwishoni mwa mwaka huo; mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Bukumbi katika nchi ya Wasukuma. Imani yetu ilipita katika barabara iliyolowa machozi, nasi hatuna budi kulijua hilo.

Hapa nitoe tahadhari. Wapo wanaorudi kutoka Mkunazini wakiwa na hasira dhidi ya Waislamu au dhidi ya Waarabu. Huyo hakuhiji, amebeba fimbo mpya ya kumpigia jirani yake. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa elfu moja kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vilivyotawaliwa na Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Waliomiliki mashamba yale walikuwa wabatizwa. Wareno na Wahispania, mataifa ya Kikatoliki, waliwavusha Waafrika wengi mno katika bahari ya Atlantiki. Ni kweli kwamba Papa Gregori XVI aliilaani biashara hiyo mwaka 1839, na Kardinali Lavigerie akazunguka Ulaya mwaka 1888 akiipinga. Lakini ni kweli pia kwamba Papa Yohane Paulo II, aliposimama katika kisiwa cha Gorée nchini Senegal mwezi Februari 1992, aliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki. Ikiwa Baba Mtakatifu aliinamisha kichwa, sisi tunainua vidole vyetu kwa haki gani?

Wengine husema kwamba afadhali mambo haya yasahauliwe, tusije tukatonesha vidonda. Nawaheshimu wanaosema hivyo, maana wanapenda amani. Hata hivyo, Bwana wetu alipofufuka hakuyaficha makovu yake, bali alimwonyesha Tomaso. Altare iliyowekwa mahali pa nguzo ya mijeledi inafundisha jambo hilohilo: pale mtu alipoumizwa ndipo sadaka itolewe, na sala isemwe.

Lakini neno ninalotaka mlibebe wiki hii ni hili. Soko la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe haukuisha siku hiyo. Katika Zanzibar sheria iliutambua hadi 1897, na katika Tanganyika ulipigwa marufuku mwaka 1922. Na katika siku zetu, mavuno ya pamba yanapokuwa mabaya, huja kijijini mtu aliyevaa vizuri akitafuta msichana wa kazi wa kupeleka mjini. Humsifia mama kwamba binti yake ni mwenye nguvu na mtiifu. Huahidi shule. Huacha fedha kidogo mezani. Mtoto hupanda basi, na baada ya miezi michache namba ya simu haipatikani tena. Hapana nguzo wala mnyororo, lakini dalali yupo, bei imetajwa, na aliyeuzwa hakuulizwa.

Simlaumu mzazi mwenye njaa. Mungu anajua uzito wa mzigo wake. Wala sisemi kwamba kila anayeajiri msaidizi wa nyumbani ni mwovu, kwa maana wapo wanaowatunza kama watoto wao. Nasema tu kwamba nchi yetu inayo sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008, na sheria ya mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto ambaye hajatimiza miaka kumi na minne. Jirani anayenyamaza anapoona mtoto anaondoka namna hiyo ni kama yule aliyesimama kando ya soko akitazama.

Kwa hiyo naziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zetu mambo mawili. Kwanza, kila jumuiya iwataje kwa majina watoto wake waliokwenda mjini kufanya kazi, iulize wako kwa nani, na kama wanazungumza na wazazi wao. Wasiojulikana waliko, taarifa zao zifikishwe kwa viongozi wa kijiji na polisi. Pili, tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Josephine Bakhita, binti wa Sudan aliyeuzwa mara kadhaa kabla ya kupata uhuru na ubatizo, tuwaombee majina hayohayo katika Misa. Tangu mwaka 2015 Kanisa lote huiadhimisha siku hiyo kuwaombea wahanga wa biashara ya binadamu.

Anayeweza kwenda Mkunazini, aende na Mungu amlinde njiani. Asiye na nauli aanze na kumtafuta mtoto wa jirani.

Nawatakia juma lenye baraka.

Paroko wenu