PANGA NI CHOMBO CHA KAZI



Kila alfajiri mkata miwa wa Awendo au wa Ndhiwa hutoka nyumbani na panga mkononi. Mvuvi wa Mbita ana kisu chake, na mchimba dhahabu wa Macalder ana nyundo yake. Hakuna awaulizaye, maana hivyo ni vyombo vya kazi. Lakini ugomvi ukizuka kwenye mizani au siku ya malipo, chombo kile kile chaweza kumpeleka mtu gerezani maisha yake yote.

Twataka kila mwanachama ajue sheria inavyopima. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kumpiga mtu bila kumwumiza ni jela isiyozidi mwaka 1. Akiumia, miaka 5. Akipoteza jicho au mkono, au uhai wake ukihatarishwa, adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha. Tena, Kifungu cha 231 chasema kwamba anayejaribu kumpiga mwenziwe kwa mkuki, kisu au silaha nyingine ya hatari, akikusudia kumlemaza, aweza kupata adhabu hiyo hiyo ya maisha, hata asipompata. Hasira ni hasara.

Wazee wetu hupatanisha watu, na desturi hiyo ni njema. Mahakama nayo yaweza kukubali mapatano na fidia kwa ugomvi wa makofi. Lakini jeraha la panga ni kosa kubwa. Msidhani litakwisha kwa mbuzi mmoja chini ya mti.

Je, mtu asijikinge? Ajikinge, lakini kwa kiasi cha hatari iliyopo. Adui aliyekwisha geuka na kukimbia si hatari tena, na anayemfuata kumkata hajikingi.

Wala sheria hii si ya kumbana mfanyakazi peke yake. Mlinzi au msimamizi akikupiga rungu, naye hupimwa kwa kipimo hicho hicho. Usilipize. Nenda hospitali, andikisha habari polisi, uombe fomu ya P3, ambayo haina malipo, daktari aijaze. Kisha mwone katibu wa tawi lako, na uwataje walioshuhudia.

La mwisho ni mgomo. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 41, yampa mfanyakazi haki ya kugoma. Ibara ya 37 yatupa haki ya kukusanyika na kuandamana, lakini kwa amani na bila silaha. Masharti hayo mawili ndiyo ngao yetu. Panga moja likionekana katika maandamano, habari ya mshahara hufa siku ile, na kinachosemwa ni habari ya panga. Anayetutakia kushindwa hufurahi.

Basi, ndugu, siku ya kazi tuchukue mapanga, na siku ya kudai haki tuyaache nyumbani.

Umoja ni Nguvu.