Ushauri usioeleweka haumfai mtoto

Wazazi wa siku hizi hawana upungufu wa ushauri kuhusu afya ya watoto wao. Hushauriwa kliniki, redioni, kanisani na hata katika mikutano ya wazazi shuleni. Hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, kuna swali ambalo halijaulizwa vya kutosha: je, maneno yanayotumiwa yana maana moja kwa anayeyasema na kwa anayeyasikia?

Mimi si daktari, wala sikusudii kumfundisha muuguzi kazi yake. Taaluma yangu ni isimu, na ni kwa jicho la isimu ninapolitazama suala hili. Naamini kwamba neno lililochaguliwa vibaya laweza kumdhuru mtoto sawa na dawa iliyopimwa vibaya.

Tuchukue mfano wa Gakindu, katika eneo la Mukurwe-ini, Kaunti ya Nyeri. Baina ya Juni na Agosti, majira ambayo Wakikuyu huyaita gathano, baridi huwa kali na watoto wengi hutokwa na kamasi. Mzazi wa huko atasema kwamba mwanawe ana "homa". Anachomaanisha ni mafua, kwani hiyo ndiyo maana ya neno hilo katika Kiswahili cha sehemu nyingi za bara, na hata katika Kikuyu kilicholikopa. Katika Kiswahili sanifu, kinyume chake, homa ni kupanda kwa joto la mwili.

Sasa tangazo linapomwambia mzazi huyo ampeleke hospitalini mtoto mwenye homa bila kuchelewa, ataelewa nini? Atajiambia kwamba kijiji kizima kina homa, na atalipuuza. Kumbe mtoto mchanga asiyetimiza miezi miwili, ambaye joto lake limefika nyuzi 37.5 au zaidi, hastahili kungoja hata usiku mmoja! Hapa mzazi hana lawama. Aliambiwa jambo moja akasikia jingine.

Dawa ya tatizo hili si ghali. Mtangazaji aseme "joto la mwili likipanda", basi. Na anapozungumzia nimonia, ambayo wengi huichanganya na mafua hayo hayo ya gathano, aeleze dalili zinazoonekana kwa macho. Mtoto wa chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi 2 hadi 12 mara 50 au zaidi, na wa mwaka mmoja hadi mitano mara 40 au zaidi, hayo si mafua ya kawaida. Aidha, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, apelekwe kwa daktari mara moja.

Mfano wa pili ni chakula. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Agizo hilo mara nyingi hufupishwa kuwa "asipewe chakula kingine". Lakini katika lugha ya kila siku maji si chakula. Nyanya wa mtoto atampa maji ya vuguvugu kwa kijiko, na kwa dhati ya moyo wake hajavunja agizo lolote. Ni lazima maji yatajwe kwa jina lake.

Halafu, baada ya miezi sita, mama huambiwa aanze "vyakula vya kulikiza". Kulikiza ni kumwachisha mtoto ziwa! Neno lenyewe linamwamuru mama akome kunyonyesha, ilhali wataalamu wanataka aendelee hadi mtoto afikishe miaka miwili au zaidi. "Vyakula vya nyongeza" ndilo jina linalosema kweli.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mabishano ya wasomi. Nchini Bangladesh, kuanzia mwaka 1980, shirika la BRAC liliwatuma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari guru kwa mtoto anayehara. Kwa muda wa miaka kumi hivi walizifikia zaidi ya kaya milioni 12. Walimu hao walilipwa kulingana na kiasi ambacho akina mama walikumbuka. Hata hivyo, ilibainika kwamba wengi waliokumbuka hawakuyatumia maji hayo. Sababu mojawapo ilikuwa neno. Wanakijiji walikuwa na majina kadhaa ya aina za kuhara, na lile lililotumiwa katika mafunzo, "daeria", kwao lilihusu aina moja tu iliyo kali mno. Ilibidi mafunzo yarekebishwe ili yataje kila aina kwa jina lake.

Huduma za afya ziko mikononi mwa serikali za kaunti tangu mwaka 2013. Nazisihi kaunti zetu, Nyeri ikiwemo, ziyapime maneno ya ushauri kwa wazazi wenyewe kabla ya kuyatangaza. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Haikusema kwamba Kiswahili cha kamusi ndicho kinachosemwa Gakindu. Panapohitajika Kikuyu, Kikuyu kitumiwe bila aibu.

Nanyi walimu mna nafasi ya pekee. Mnajua kwamba swali "Mmeelewa?" hujibiwa "Ndiyo" na darasa zima, hata na wasioelewa. Muuguzi naye asiliulize. Amwombe mzazi aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakalofanya akifika nyumbani. Wanafunzi wa Kiswahili nao wanaweza kukusanya, kijiji kwa kijiji, maneno ambayo wazazi wao hutumia kuyataja magonjwa ya watoto, na kuyapeleka kwenye zahanati iliyo karibu. Hiyo ni kazi ya isimu iliyo ndani ya uwezo wa kidato cha tatu, na kuna mtoto ambaye maisha yake yatategemea ikifanywa.