Ebola ilipata labo hapa Bunia, mama yangu alingoja jibu wiki saba



Jibu la mama lilitoka baada ya wiki saba. Kipande cha nyama kidogo kuliko punje ya mahindi kiliondoka Bunia ndani ya chupa ya formol, kikavuka mpaka, kikasomwa Kampala. Karatasi ilirudi kwangu kwa WhatsApp siku moja nikiwa sokoni nauzisha samaki wa Tchomia kwa nafasi ya mama, juu yeye hakuweza tena kusimama kutwa. Ilikuwa kwa Kingereza. Nikaisoma mara tatu. Niko na lisansi, lakini lile neno halikuomba lisansi: kansere ya mlango wa kizazi.

Ninakaa Mudzipela. Nilimaliza iniversite miaka miwili iliyopita. Nimeweka dosie kila mahali, kwa mashirika, kwa mashule, kwa maofisi, na hakuna aliyeniita. Kazi ya kwanza niliyopata tangu nimalize ni kulinda mgonjwa: kuchota maji, kufua nguo zenye damu usiku ili wadogo zangu wasione, kuhesabu pesa ya dawa, na kudanganya kila asubuhi kwamba nimelala vizuri. Mjomba alisema mbele ya familia: "Tulikusomesha kwa nini, kama leo huwezi kumponyesha mama yako?" Sikumjibu. Hata mimi ninajiuliza hivyo.

Siandiki ili mnihurumie. Ninaandika juu nimefahamu jambo moja ambalo kila kijana wa mji huu anapaswa kulijua: kabla kansere ituue, kinatuua kuchelewa kujua. Na kuchelewa huko hakutoki kwa Mungu. Kunatoka kwa watu, na watu wanaweza kukuondoa.

Kuchelewa kwa kwanza kulikuwa kwetu nyumbani. Mama aliona damu tena wakati alikuwa amesha kaa miaka bila kwenda mwezini. Alinyamaza. Nilipomuuliza mwishowe, alisema: "Mama yangu, mambo ya namna ile haisemwi kwa mtoto." Mimi ni mtoto wa miaka ishirini na tano. Tunalala chumba kimoja.

Kuchelewa kwa pili kulikuwa kwa kituo cha afya. Siwezi kusema ni kipi, na sitaki kumbebesha muuguzi mmoja mzigo wote. Walimpa dawa ya tifoide. Halafu sindano za infeksyo. Halafu tifoide tena. Miezi sita ikapita, na ndani ya miezi hiyo hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia: mama, panda kitandani tuangalie.

Na kuangalia kwenyewe si jambo la ajabu. Kansere hii inaletwa na virusi vinavyoitwa HPV, na haikimbii. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri inaweza kuchukua miaka 15 mpaka 20 tangu virusi viingie mpaka kansere itokee. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na Ukimwi bila matunzo, ni miaka 5 mpaka 10. Kuna njia ya kuitafuta inayotumia asidi ya siki, asilimia 3 mpaka 5. Muuguzi aliyefundishwa anapakaa ile siki kwenye mlango wa kizazi, anangoja dakika moja, anaangalia kwa taa. Mahali paharibifu panageuka peupe. Kama bado si kansere, wanapachoma ama wanapagandisha kwa baridi, na mama anarudi nyumbani siku ile ile.

Siki, wandugu. Ndani ya miaka ile yote mama alipita kwa kituo cha afya mara ngapi? Alizalia watoto pale. Alipeleka wajukuu chanjo pale. Alikuwa mkononi mwao, na alitoka vile alivyoingia.

Najua mtakachosema, juu nilikisema mimi wa kwanza: hapa kuna vita. Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, watu wanauawa Djugu, watu wamejaa kwenye kambi ya Kigonze. Nani ana wakati wa kuangalia vizazi vya wamama?

Basi tukumbuke Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, Kivu ya Kaskazini, na ikaingia Ituri. Vita ilikuwepo. Barabara zilikuwa hizi hizi. Lakini labo ziliwekwa Beni, Mangina, Butembo, na hapa Bunia. Jibu lilitoka ndani ya siku moja, wala si wiki saba. Chanjo ya Ebola ilipaswa kukaa kwenye baridi ya digri 60 mpaka 80 chini ya ziro, na bado waliifikisha vijijini kwa pikipiki. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Ile Ebola ilichukua watu 2,287 mpaka ilipotangazwa imeisha, tarehe 25 Juni 2020. Kazi ilikuwa na makosa mengi, tunayajua, wengine tuliyapigia kelele. Lakini ilituonyesha kitu: wakitaka, inawezekana.

Na chupa ya mama haikuomba hata friji. Formol inatunza nyama bila baridi. Kilichokosekana ni mtu wa kuisoma hapa na vyombo vyake. Zaidi ya hapo, ile mashine ya GeneXpert iliyosoma Ebola, ambayo pia inatumika kwa kifua kikuu, inaweza kusoma HPV. Mnabadilisha tu katriji.

Tofauti ni nini? Ebola inaweza kupanda ndege na kufika Ulaya. Kansere ya mama inabaki Mudzipela. Haiambukizi mtu kwa kumpa mkono, haimtishi mkubwa yeyote. Mwaka 2022, duniani, wanawake karibu 350,000 walikufa na kansere hii, na wengi sana kati yao ni wa nchi kama zetu. Hakuna aliyewapigia hema.

Sasa tuko kwa kuchelewa kwa tatu, nako ni barabara na pesa. Mama anahitaji mionzi, na Ituri haina mashine ya mionzi. Kinshasa ni kupanda ndege. Kwa hiyo tunaangalia Uganda, kwenye taasisi ya kansere ya Mulago, iliyoanza 1967. Kufika kule ni kuchagua: barabara ya Mahagi, ambayo imekunywa damu ya watu wetu, ama mtumbwi wa injini juu ya ziwa Albert. Familia ilikaa. Mjomba akasema tuuze parseli. Mama akakataa: "Nikifa na parseli imeisha, nimewaachia nini?" Wakubwa wakanyamaza. Ni wamama wa samaki waliotoa neno. Likelemba yao ya mwezi ule ilikuwa zamu ya mwingine. Wakampa mama.

Anaondoka wiki ijayo, na tantine. Mimi ninabaki, juu pesa inatosha msindikizaji mmoja na lazima mtu auzishe samaki ili waendelee kula kule. Docta alisema tumaini lipo. Akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba mwaka jana lingekuwa kubwa zaidi.

Kwa hiyo hatuombi muujiza. Kifungu cha 47 cha katiba yetu ya 2006 kinasema haki ya afya inahakikishwa. Tunataka mambo matatu, na yote matatu ni madogo kuliko msafara mmoja wa magari ya wakubwa.

La kwanza, kila kituo cha afya cha Bunia kiwe na muuguzi aliyefundishwa kuangalia kwa siki, na kila mama wa miaka 30 na zaidi aambiwe apande kitandani, hata kama amekuja kwa malaria.

La pili, Ituri ipate labo inayosoma vipande vya nyama, ili jibu lisivuke mpaka.

La tatu, dawa ya maumivu. Usiku mama anauma kitambaa ili wadogo wasimsikie, na mimi niko na parasetamol mkononi. Jirani zetu Uganda, tangu hospisi ya kwanza ya daktari Anne Merriman mwaka 1993, wanachanganya mofini ya maji, mgonjwa anakunywa nyumbani kwake. Tangu 2004 hata wauguzi waliofundishwa wanaruhusiwa kuiandika. Si dawa ya matajiri. Ni unga na maji na sheria iliyokubali.

Na msiseme kelele haisaidii. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya Mulago, ya pekee nchini mwao, iliharibika. Waganda hawakusema ni mapenzi ya Mungu. Walipiga kelele, magazeti yakapiga, dunia ikasikia, na ilipofika mwisho wa 2017 mashine mpya ilikuwa inatibu watu. Ile ile ambayo leo tunaitafuta kwa mtumbwi. Rwanda nao wanachanja wasichana wao HPV tangu 2011. Hawa wote ni majirani zetu. Mvua yao ni yetu.

Lakini kuna sehemu isiyongoja gavana wala waziri. Wewe unayesoma hapa, uko na mama, ama tantine, ama yaya. Kaka, usiseme ni mambo ya wanawake: wewe ndiye utauza pikipiki yako siku jibu litakapotoka. Leo jioni, sahani zikiisha kuoshwa, kaa karibu naye. Muulize kama anaona damu isiyo ya kawaida, kama kuna maumivu anayoficha. Atakuambia hayo hayasemwi kwa mtoto. Uliza tena kesho.

Mimi sikuuliza. Nilikuwa nalala kitanda kando ya chake, na sikuuliza.