Tusisingizie Meno

Toka Kahe tambarare mpaka Kibosho na Marangu, akina mama husema: “Mtoto anaharisha na ana homa kwa sababu anaota meno.” Sisi wauguzi hatukubaliani nao.

Meno huanza kuota kwenye miezi 6 hivi. Huleta udenda, fizi kuwasha na kulialia, basi. Lakini umri huo huo mtoto anaanza uji, anatambaa, anatia kila kitu mdomoni, na kinga aliyopata kwa mama yake imepungua. Vijidudu ndivyo vinavyomharisha, siyo jino.

Hatari kubwa ni kung’oa yale yaitwayo “meno ya plastiki”. Ule uvimbe mweupe kwenye fizi ni chonge ya utotoni ambayo haijatoka. Kuichimba huweza kuleta kutokwa damu nyingi, pepopunda, hata kifo, na kuharibu meno ya ukubwani.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni ugonjwa: mleteni mtoto apimwe malaria. Anayeharisha apewe ORS na zinki, aendelee kunyonya. Mama mkwe akisema “ni meno tu”, mwitikieni kwa heshima, kisha mleteni mtoto kliniki siku hiyo hiyo.