Mavyaa Akipata Kiharusi, Tusimlaze Tu



Shaaban kwetu sisi mafundi hakuna kulala, kila mtu anataka harusi ipite kabla ya Ramadhani. Katika pilikapilika hizo akaja biharusi mmoja kupimwa gauni. Tulipofika kiunoni machozi yakamtoka. Mama wa mchumba wake alikuwa kaanguka kwa kiharusi wiki mbili nyuma, upande wa kulia wote hauna nguvu, na shangazi mmoja wa upande wa mume ameshatamka mbele za watu kwamba biharusi anakuja kwa wakati wake, mgonjwa kapata wa kumlisha. "Dada zangu," akatuuliza, "hivi naolewa au naajiriwa?"

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Swali lile tunalijua.

Sisi ni wakazamwana wawili wa nyumba moja. Mmoja wetu katokea Unguja, mwingine ni mzaliwa wa huku huku mlimani, na duka letu la kushona liko Moshi mjini. Mavyaa wetu anaishi juu, Machame, katikati ya migomba. Alipopata kiharusi, hospitali iliyompokea ilituliza presha yake, ikatupa vidonge na kutuambia akapumzike. Kuhusu mazoezi hatukusikia hata neno. Basi tukampumzisha kwelikweli. Tulimlaza kwenye mito, tukamlisha mtori kwa kijiko, tukambeba kwenda chooni na kumrudisha. Akitaka maji, kabla hajanyoosha mkono mzima, sisi tumeshamfikishia kikombe mdomoni. Majirani wakatusifu, mmoja akasema wakazamwana kama hawa hawapatikani siku hizi.

Wiki sita tulimfanyia mapenzi hayo, na wiki sita hizo mguu wake ulizidi kukakamaa.

Aliyetushtua ni mteja. Alikuja kupunguziwa sketi, akatusikia tukizungumza, akauliza, "Mazoezi anafanya wapi?" Kumbe mwenyewe ni mtaalamu wa fiziotherapia. Tulimjibu kwamba yupo mzee anayekuja kumchua kwa mafuta ya karafuu. Akatuambia jambo ambalo tungependa kila nyumba ilisikie: kuchua kunastarehesha, wala si vibaya, lakini anayefanya kazi pale ni mchuaji. Ubongo wa mgonjwa haujifunzi kitu. Unajifunza pale mgonjwa mwenyewe anapojaribu kuusogeza mkono wake, hata kama unasogea upana wa kidole.

Tulivyomwelewa sisi kwa lugha ya karakana ni hivi. Fundi mkuu akiondoka ghafla, yule msichana aliyekuwa akishona vifungo anaweza kujifunza kukata kitambaa. Ila atajifunza kwa kukata, na kurudia, na kuharibu, na kurudia tena. Ukimkatia kila siku, atabaki kwenye vifungo. Kiharusi huua sehemu ya ubongo kwa kuikosesha damu, au kwa damu kuvujia ndani, na sehemu hiyo hairudi. Kinachotokea ni kwamba sehemu nyingine hufundishika kazi. Faida kubwa hupatikana miezi ya mwanzo, mitatu hivi, baadaye inakuja polepole lakini haikatiki. Ndiyo maana zile wiki sita zinatuuma mpaka leo.

Tulimpeleka KCMC. Hapa tukiri aibu yetu: hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1971, chini kabisa ya mlima wetu, na pale pale pana shule ya fiziotherapia ambayo wahitimu wake wanafanya kazi mikoa mingi. Pana pia TATCOT, chuo kilichoanza 1981 kufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kushikilia mguu. Watu hutoka mbali kuja kusoma Moshi, na sisi tulikuwa tunaagiza mafuta ya karafuu.

Siku ya kwanza mavyaa alilia. Aliketishwa ukingoni mwa kitanda bila mto wa kumshikilia, akaambiwa ajiegemeze upande ule dhaifu. Kisha akaambiwa ainuke kwenye kiti, aketi, ainuke tena, mtaalamu kamzuia goti lisikunje. Mara ya nne akatutazama akasema, "Wanangu, mnanitesa." Mmoja wetu alishachukua mkoba ili tuondoke.

Hapo ndipo mtaalamu alipotuuliza tunamwinuaje nyumbani. Tukamwonyesha: mmoja anashika mkono huu, mwingine ule, tunavuta. Akatusimamisha. Mkono uliolegea hauna misuli ya kulishika bega, ukiuvuta bega linachomoka mahali pake. Yale maumivu ya bega tuliyokuwa tukisema ni ya kiharusi, na tukayasomea dua usiku, tulikuwa tunayatia sisi wenyewe kila asubuhi. Akatufundisha kuweka mto chini ya mkono ule anapokaa, kumgeuza kila baada ya saa mbili anapolala ili asipate vidonda, na kumwinua kwa kumshika kiunoni. Kanga iliyokunjwa na kufungwa kiunoni ni mshikio mzuri kuliko mkono wa mtu. Na chakula anakula ameketi wima, kidogo kidogo, maana koo nalo hudhoofika na mtori unaweza kuingia mapafuni.

Nguo tulijiongeza wenyewe. Mtaalamu alisema mkono mbovu uingie kwanza kwenye nguo na utoke mwisho. Tukajaribu na madera yake, tukaona kwapa ni nyembamba mno. Tukamshonea magauni matatu ya kufunguka mbele, mikono mipana, na badala ya vifungo tukaweka ule utepe wa kunata. Siku aliyovaa peke yake ilimchukua karibu nusu saa. Tulikaa juu ya mikono yetu ili tusimsaidie.

Wapo waliotuambia kiharusi ni upepo, ni jini, na hospitali haina lake. Hatukugombana nao. Kisomo kilisomwa na mazoezi yakafanywa, na hakuna sheikh aliyetuambia kimoja kinaharamisha kingine. Zaidi ya hayo, kilichomsukuma mavyaa kufanya mazoezi ni sala. Aliruhusiwa kusali ameketi, na alilijua hilo. Lakini kutawadhishwa na watu kulimvunjia heshima. Alipomwambia mtaalamu kwamba anachotaka ni kutia udhu mwenyewe, basi udhu ukawa ndio zoezi: kufikia kopo, kulikamata, kuinamisha, kufikisha maji usoni, kurudi. Mara tano kwa siku bila kukumbushwa. Nani kati yetu angemshawishi kurudia zoezi la hospitali mara tano?

Mlimani kwetu kuna tabu yake. Kiti cha magurudumu hakipiti kwenye vijia vya migombani, hasa masika, udongo ule mwekundu ukilowa hata mzima anateleza. Kwenda kliniki ni bodaboda mpaka lami, gari mpaka barabara kuu ya Arusha, kisha gari jingine la Moshi. Tulianza mara mbili kwa wiki, nauli ikatushinda, tukaomba tufundishwe na tuwe tunarudi kila baada ya wiki mbili. Shemeji akapigilia bomba ukutani kutoka chumbani hadi jikoni. Bomba hilo limefanya kazi kubwa.

Na msidhani ni jambo la nyumba moja. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu kiharusi kipya wilayani Hai, ambamo Machame imo, na katika Dar es Salaam. Umri ukisawazishwa, Hai walipata watu wapatao 109 kwa kila 100,000 kwa mwaka, Dar wapatao 316. Presha ndiyo mkosaji mkubwa, na mara nyingi mtu hajui kama anayo. Pimeni, na walioandikiwa vidonge wasiviache siku wanayojisikia vizuri.

Sasa tuseme la kwetu, hata kama litatupunguzia wateja. Tunashonea harusi ambazo ukumbi unapambwa kwa usiku mmoja, na katika nyumba hiyo hiyo yumo baba aliyepata kiharusi ambaye ngumi yake imejifunga mpaka kucha zinamchoma kiganja, kwa sababu nauli ya mazoezi "haijapatikana". Tumeliona hilo kwa macho yetu tulipokwenda kupima sare. Hatusemi harusi zisipambwe. Tunasema sare moja ikipunguzwa, nauli ya miezi mitatu imepatikana.

La pili ni wanaume. Mavyaa ni mama wa mume wako, na wa kwanza kudaiwa wema kwake ni mwanawe aliyezaliwa naye. Sisi tukimhudumia ni ihsani, na tunaifanya kwa moyo, lakini ihsani haigeuzwi mkataba na shangazi. Kumwinua mtu mzima kunataka nguvu za mgongo, na wenye migongo mipana wako barazani wanakunywa kahawa. Mume wa mmoja wetu alikuwa akisema hawezi, anaona haya. Siku hizi zoezi la kuinuka kitini asubuhi ni lake, kabla hajaenda kazini.

Mavyaa anatembea kwa mkongojo mpaka jikoni. Vidole vya mkono wa kulia havijarudi, na pengine havitarudi. Ndizi anaibana kwa kifundo cha mkono ule akaimenya kwa kushoto, na ukimsogelea kutaka kumsaidia anakufukuza.

Biharusi yule tulimwambia asikimbie. Akamuulize mchumba wake mambo mawili kabla ya nikaha: mama ameanza mazoezi, na yeye mwenyewe atamsimamia saa ngapi. Walioko Unguja waanzie Mnazi Mmoja. Alirudi baada ya siku nne kuchukua gauni, akaja na vipimo vya mavyaa wake vimeandikwa nyuma ya risiti. Sare ya rangi ile ile, akasema, lakini ifunguke mbele, na kwapa iwe pana.