Rudisheni mizani dukani

Mizani inaondolewa madukani, na nataka tuache kujifanya hatuoni. Pita Mikocheni, Kijitonyama, Msasani au Upanga, popote Dar es Salaam palipoota ghorofa jipya la apatimenti, kisha ingia duka lililo chini yake. Utakuta kiyoyozi, friji za vioo, kamera juu ya mlango, maboksi ya nafaka za kifungua kinywa yaliyovuka bahari, na nyanya nne zimelazwa kwenye kisahani cha foma na kuviringishwa plastiki. Hutakuta gunia la mchele lililofunguliwa mdomo. Hutakuta ndoo ya mafuta yenye kikombe chake, wala kijana wa kukuuliza, "Robo au nusu?" Sukari ipo, kilo nzima, imefungwa. Kama huna hela ya kilo, toka nje.

Hakuna anayeyatamka maneno hayo, lakini ndivyo duka linavyosema. Mlinzi wa geti la jengo hilohilo, anayekesha akilinda magari ya wenzake, hawezi kununua chakula chake hatua chache kutoka kwenye kiti chake. Dada wa kazi anayepika ghorofa ya sita hawezi. Anayepiga deki ngazi hawezi, fundi bomba hawezi, bodaboda anayengoja abiria chini ya mwembe uliosalimika hawezi. Hawa ndio wanaoliendesha jengo kila siku. Jioni wanapanda daladala, na robo ya sukari wanakwenda kuinunua Tandale, Manzese au Mbagala, usiku, wamechoka, kwa sababu mtaa wanaoutumikia mchana kutwa umekataa kuwauzia.

Tulikuwa na duka lililomuuzia kila mtu. Tuliliita kwa Mangi, na bado tunaliita hivyo hata mwenye duka akiwa Mpemba au Mkinga. Lilikuwa, na katika mitaa mingi bado lipo, duka dogo lenye nondo dirishani, ambapo mwenye mshahara na mwenye kibarua walisimama kwenye kaunta moja. Mmoja alinunua kilo tano za mchele, mwingine mafuta ya kupima, kiberiti kimoja na kitunguu. Hakuna aliyeaibika, maana mizani ileile iliwapimia wote.

Na lilikuwa na daftari. Nawaomba wanaochora ramani za majengo haya walifikirie daftari lile, lililofungwa kamba na kukunjika ncha, kwa sababu familia nyingi za jiji hili zimevushwa nalo. Mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa, mama ambaye mumewe yuko safarini na hajatuma kitu, fundi aliyemaliza kazi na bosi hapokei simu: wote waliandikwa. Unga kilo mbili, sabuni mche mmoja, mwisho wa mwezi. Hakukuwa na riba. Hakukuwa na fomu. Dhamana ilikuwa kwamba Mangi anakujua unapolala na anamjua mama yako. Leo familia ileile ikibanwa tarehe ishirini inakopa kwenye simu, ada inakatwa, na ikichelewa inasumbuliwa na mashine isiyojua kama mtoto ni mgonjwa. Mashine ya kusoma bei haina ukurasa wa kumwandika mtu. Hilo pekee lingetosha kunikasirisha.

Wapo watakaosema namtetea mwizi. Watasema sukari ya kupima, ukiijumlisha robo kwa robo, inazidi bei ya kilo iliyofungwa, na kwamba zipo mizani zilizochezewa. Yote mawili ni kweli. Lakini mtu anayelipwa kwa siku hanunui robo kwa kukosa akili ya hesabu. Ananunua robo kwa sababu hela yake inaingia robo kwa robo, na nyumbani kwake hakuna kabati la kuweka akiba ya mwezi. Anachozidishiwa na Mangi ni gharama ya kutokuwa na akiba, na mimi napenda gharama hiyo ipungue. Haipungui kwa kumnyima hata hiyo robo. Mizani ya hila nayo ina dawa yake: tunao Wakala wa Vipimo, kazi yao ni kuikagua na kuigonga muhuri. Atakayetuambia usafi na tarehe za kuisha bidhaa ni sababu ya kuifuta kaunta, aeleze ni sayansi gani inayosema mchele ukipimwa mbele yako unakuwa mchafu.

Tusimtupie Mangi lawama zote za mizani kuondoka. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala na Magomeni ilikuwa na vyumba vyake sita, ukumbi katikati, uani nyuma na baraza mbele. Chumba kimoja cha mbele kiligeuzwa duka. Mwenye nyumba alilala chumba cha pili, akanunua chumvi hapohapo, na kodi ya duka aliipokea akijua biashara imekwendaje mwezi huo. Barazani akakaa mama na mafungu yake ya nyanya na ndimu. Kisha nyumba inavunjwa, ghorofa linapanda, na chumba kile cha mbele kinageuka fremu. Fremu ina dalali, na mahali pengine ina kilemba. Kodi inadaiwa ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa miaka mingi, katika mitaa hii ilitajwa kwa dola. Tangu kanuni za Machi 2025 zipige marufuku bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, bango limebadilishwa, mzigo ukabaki uleule. Nani ataulipa kwa faida ya kikombe cha mafuta? Kwa hiyo Mangi anayefanikiwa kubaki anabadilisha bidhaa. Anaingiza mvinyo, nepi, jibini, chakula cha mbwa. Anauza mizani, ananunua kamera. Asiyeweza anafunga na kuhamia Goba au Chanika, na wateja wake wa robo wanabaki bila duka.

Serikali za awamu mbalimbali zimewahi kumgusa huyu mtu, kwa hiyo tusiambiwe kwamba soko linajiendea lenyewe. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa ili ya ushirika yachukue nafasi. Bidhaa zikaadimika, na operesheni ikasitishwa. Baadaye yakaja makubwa ya nje. Shoprite wakaja, mwaka 2014 wakawauzia Nakumatt maduka yao na kuondoka. Uchumi wakafunga 2015. Nakumatt nao hawakumaliza miaka mingi, na mwaka 2022 Game ya Mlimani City ikafunga milango. Mangi aliwaona wote wakija na aliwaona wote wakiondoka. Alistahimili siasa ya miaka ya sabini, foleni za miaka ya themanini na matajiri wa Johannesburg na Nairobi. Kinachomshinda ni jengo tulilolipitisha wenyewe, kwa kibali chetu, lenye muhuri wetu.

Mwishoni mwa Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, na ya rejareja ilikuwamo, isipokuwa supamaketi na maduka maalumu ya jumla ya wazalishaji wa ndani. Wengi walishangilia kwamba duka dogo limelindwa. Limelindwa dhidi ya nani? Mangi wa Kijitonyama hakuondolewa na mgeni. Ameondolewa na kodi ya fremu na mchoro wa jengo, na amri hiyo haikugusa hayo mawili. Kama tunampenda mfanyabiashara mdogo kwa dhati, tumpe mahali pa kusimama.

Kati ya wanaotafuta mahali pa kusimama, mwenye hali mbaya zaidi ni mama wa genge. Huyu huamka alfajiri kwenda soko la Ilala au Mabibo, akarudi na tenga la nyanya, hoho, bamia na mchicha. Anakukunia nazi, anakuchambulia mboga, anakuchanganyia fungu la kiungo cha chakula cha usiku mmoja. Jengo la zamani lilimpa baraza. Jengo jipya lina ukuta hadi mpaka wa kiwanja, na juu ya ukuta waya wa umeme. Anabaki kwenye hifadhi ya barabara, na tuliona Oktoba 2021, wamachinga walipoondolewa jijini kupelekwa maeneo yaliyotengwa, mtu wa hifadhi ya barabara anavyohesabiwa. Nyuma yake ukuta, mbele yake greda. Na apatimenti zinazomzunguka zimejaa watu wanaokula mchicha.

Ninyi mnaoishi humo, nawasemesha kama jirani. Sina ugomvi na lifti zenu. Jiji lililovuka watu milioni 5.3 katika sensa ya 2022 haliwezi kuendelea kutambaa chini hadi Kibaha, lazima lipande juu. Lakini angalieni mnachopewa badala ya mtaa. Mnaagiza kwa WhatsApp, bodaboda anaacha mfuko kwa mlinzi, na mtoto wenu anafika darasa la saba hajawahi kutumwa dukani. Hajawahi kushika noti akarudia njiani "sukari nusu, chumvi pakti moja" asisahau, wala kuhesabu chenji mbele ya mtu mzima asiye mzazi wake. Mtoto wa Kinondoni alijulikana na muuza duka, na akionekana anazurura saa za shule aliulizwa. Mtoto wenu anajulikana na kamera.

Na mnao uwezo mkononi. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawapa wenye nyumba chama chao na nafasi ya kujiwekea kanuni za jengo. Mmeitumia kupanga maegesho na kelele za saa nne usiku. Itumieni kufungua kipande cha ukuta upande wa barabara, mama wa genge apate kivuli, maji na meza. Itumieni kumwambia mwenye fremu ya chini kwamba wakazi wanataka duka linalopima, na kwamba kodi ilipwe kwa mwezi.

Lakini wenye dhamana kubwa zaidi ni Jiji na manispaa za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni. Hakuna ghorofa linalosimama bila ninyi kukubali mchoro. Mnadai sehemu ya magari, na mnapata. Mnadai ngazi ya dharura, na mnapata. Basi daini duka. Kila jengo la makazi la ghorofa nyingi litenge upande wa barabara fremu ndogo ambayo mlango wake uko nje ya geti, kodi yake ilipwe kwa mwezi, na mpangaji wake awe na mizani iliyokaguliwa na auze kwa kipimo anachotaka mteja. Litenge na baraza la genge, lenye paa, ndani ya mpaka wa kiwanja, ili greda likipita barabarani lisimkute mtu. Mwekezaji atalalamika kwamba mnamnyang'anya mita za mraba. Mwambieni mita hizo zilikuwa baraza kabla yeye hajafika.

Michoro mingine iko mezani kwenu wiki hii. Msigonge muhuri kabla ya kuuliza mlinzi wa jengo hilo atanunua wapi sukari yake.