TUHESABU MITI ILIYOSIMAMA, SI MASHIMO TULIYOCHIMBA

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tunaipenda sana chamani mwetu, nami sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na hesabu tunayoifanya baada ya kutoa.

Mwezi wa Mei mwaka jana, wanachama 40 tulitoka shuleni, tukapita katikati ya mashamba ya chai ya hapa Kiptere mpaka kwenye chemchemi inayotunzwa na kikundi kimoja cha akina mama. Wana kitalu cha miche. Mche mmoja huuza shilingi 20, na faida huiweka katika mfuko wa kukopeshana. Siku hiyo walitupa miche 300 bure. Tuliipanda kwa saa tatu, tukanywa chai ya maziwa kwa mandazi, tukapigwa picha, tukarudi tukiimba. Katika ripoti ya mwaka tuliandika: wanafunzi 40, saa 120, miche 300. Tulipigiwa makofi ukumbi mzima.

Mwezi wa Februari, kiangazi kilipokuwa kikiisha, nilirudi pale peke yangu nikaihesabu. Miche iliyokuwa hai ni 84. Nilidhani macho yananidanganya, nikarudia. Wapi! Ni 84 tu.

Nilimkuta mama mmoja wa kikundi akiteka maji. Nikamwamkia, "Chamgei," naye akaitikia, "Chamgei mising." Nilipomuuliza kulikoni, alicheka kidogo. "Mtoto wangu, mlichimba pale pale ng'ombe wanapopita kwenda kunywa maji. Tungewaambia, lakini mlikuja na haraka, tukaona tusiwavunje moyo."

Maneno hayo yaliniingia. Miche 216 iliyokufa, kwa shilingi 20 kila mmoja, ni shilingi 4,320. Hizo ni pesa za mfuko wao. Na chai waliyotupikia sijaihesabu. Maanake ni kwamba sisi tulioitwa wafadhili tuliwatia hasara, kisha tukajipigia makofi.

Wako watakaosema kazi ya kujitolea haipimwi, malipo yake yako kwa Mungu. Wengine watasema saa zinatosha. Ni kweli saa zina maana. Mwaka wa 2011 Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo wa kupima kazi za kujitolea. Watu huulizwa walifanya kazi gani na kwa saa ngapi, kisha saa hizo huthaminiwa kwa ujira ambao angelipwa mtu wa kuajiriwa. Hesabu hiyo ingewasaidia akina mama hawa wanaosafisha chemchemi bila senti, kwa sababu jasho lao lingeonekana. Lakini hebu zidisha saa zetu 120 kwa ujira wa kibarua. Utapata pesa nzuri kwenye karatasi, na karatasi haitakuambia lolote juu ya ng'ombe.

Mimi naona tujifunze kwa Mkenya mwenzetu, marehemu Profesa Wangari Maathai. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Baadaye aliandika mwenyewe, bila kuficha, kwamba ni miwili tu iliyosalia. Katika Green Belt Movement, akina mama walipewa malipo madogo kwa mche ulioshika na kuishi, si kwa kila mche uliotiwa shimoni. Kwa hiyo ilibidi mtu arudi kuhesabu. Leo nchi yetu ina lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka wa 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata sikukuu ya kupanda. Swali ni lile lile: nani atarudi?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla ya kwenda popote tuwaulize wenyeji wanataka nini. Pengine hawataki mashimo, wanataka ua. Pili, daftari letu liwe na safu tatu: saa tulizotoa, gharama waliyoingia wenyeji, na kilichobaki baada ya miezi sita. Tatu, safu hiyo ya mwisho wajaze wenyeji, si sisi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, seuze akijisifu mwenyewe!

Mwenzangu mmoja katika kamati ameniuliza, "Ukiandika 84 gazetini, nani atajiunga nasi mwaka ujao?" Namjibu kwa heshima kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Anayekuja kwa ajili ya picha na cheti, akibaki bwenini hatutapungukiwa. Anayekuja kusaidia atataka kujua kama alisaidia. Aibu ya tarakimu ndogo daftarini itapita. Aibu ya kumfanya mama wa watu anyamaze ili asituvunje moyo ni kubwa zaidi.

Kalamu naiweka chini. Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao nitakwenda chemchemini na panga na fito, kuijengea ua miche ile 84. Nimeshamuuliza yule mama, amekubali, na amenionyesha njia ya ng'ombe. Anayetaka kuja na aje. Picha si lazima.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili